Ripoti ya Jumamosi

Chupa mbili za damu ya Mzee Kipngeno zilifika maabara Jumanne saa nne asubuhi, na aliyezipokea dirishani alikuwa binti yake.

Chesang alilisoma jina kwenye karatasi, akalisoma tena, ingawa alijua tangu jana yake kwamba damu hiyo ingekuja. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba daktari wa wodi aitume pale, kwenye maabara ndogo ya kibinafsi alikokuwa amefanya kazi miaka sita, nyuma ya soko mjini Nakuru. Bwana Nderitu, mkuu wa maabara, alikuja akasimama nyuma yake, akachungulia juu ya bega lake.

"Huyo ni mzee wako?"

"Ndiye."

"Basi mpe Zeddy aifanye. Damu ya mtu wako huwezi kuiangalia kama ya mtu mwingine."

"Sawa, boss."

Hakumpa Zeddy. Si kwamba hakumwamini. Zeddy alikuwa na mkono mtulivu kuliko mtu yeyote pale ndani. Lakini Mzee Kipngeno alikuwa amekaa na mpira wa mkojo tangu Juni, akingoja kupasuliwa tezi dume, na kila tarehe ya upasuaji ilipokaribia ilisogezwa mbele. Alikuwa akienda kanisani kule Kuresoi na mfuko wa mkojo ameuficha ndani ya mfuko wa dukani, sweta ameitandika juu. Jumapili moja mfuko ukavuja, benchi likalowa, na mama aliyeketi kando yake akawachukua watoto wake akahamia nyuma. Tangu siku hiyo Mzee alisalia nyumbani na redio. Mwezi Agosti homa ikaanza. Kliniki ya kwanza ilisema ni taifodi, ya pili ikasema malaria, ya tatu ikarudia taifodi. Alipolazwa hospitalini Nakuru alikuwa amekonda mpaka koti lake likamkaa kama la kuazima. Chochote kilichokuwa kikimla babake, Chesang alitaka akione kwa macho yake mwenyewe.

Alikiona Alhamisi. Mchuzi wa kuoteshea vidudu ndani ya chupa ulikuwa umeanza kuwa na ukungu, akachota tone, akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi, akainama kwenye darubini. Vidudu vilikuwa pale, vidogo vya mviringo, rangi ya zambarau, viwili viwili na katika minyororo mifupi. Ijumaa asubuhi vilikuwa vimeota kwenye sahani ya maabara iliyotiwa damu, vijidoa vya kijivu visivyozidi kichwa cha pini, na damu iliyovizunguka ilikuwa nyekundu vilevile, haijaguswa.

Ukoo wa vidudu hivi ni mrefu. Kuna vinavyoyeyusha damu kwenye sahani mpaka pakabaki peupe, na hivyo ni pamoja na vile vya koo na vya ngozi. Kuna vinavyoiacha na rangi ya kijani, vya mdomoni na vya mapafu. Na kuna hivi vya tumboni, ambavyo mara nyingi haviigusi. Zamani vya tumboni vyote viliwekwa pamoja vikaitwa streptokokasi wa kundi D. Kisha wataalamu wakagundua kwamba sehemu yao hawakuwa ndugu wa wale wengine, wakawatoa katika ukoo na kuwapa jina lao wenyewe, enterokokasi. "Waliondolewa hata kabla ninyi hamjazaliwa," mwalimu wa Chesang alizoea kuwaambia chuoni, "kwa hivyo nisione mtu amewarudisha." Kwenye darubini huwezi kuwatofautisha. Tofauti iko kwenye dawa: streptokokasi wa kundi D hufa kwa sindano ya ceftriaxone, sindano ambayo kila hospitali inayo, na enterokokasi haimfanyi lolote. Na kipimo cha kuwatenganisha ni cha bei rahisi kuliko vyote. Unawatia kwenye mchuzi wenye chumvi kali, unawalaza saa ishirini na nne. Enterokokasi ataota. Yule mwingine hataota.

Ijumaa ile mchuzi wa chumvi ulikuwa umeisha. Zeddy aliutengeneza mwingine, ukapoa saa kumi jioni, na Chesang akatia vidudu vya babake ndani. Kipimo kingine, cha nyongo, kinachoonyesha kama kidudu ni cha kundi D, alikuwa amekianza tangu asubuhi.

*

Jumamosi asubuhi kipimo cha nyongo kilikuwa kimegeuka cheusi tii, maana yake ni kundi D, wale waliobaki katika ukoo au wale waliotolewa. Mchuzi wa chumvi ulikuwa bado safi, bila ukungu wa kitu kilichoota. Haukuwa umemaliza muda wake.

Saa tatu simu ililia. Alikuwa Daktari Wariara wa wodini.

"Chesang, mzee anatetemeka tangu alfajiri. Hii dawa niliyompa ya kubahatisha haishiki. Mmefika wapi?"

"Ni kundi D, daktari. Bado kuna kipimo kimoja."

"Streptokokasi?"

"Inaonekana hivyo."

"Basi niandikie nianze ceftriaxone. Dukani kwa dawa hawanipi za wiki mbili bila ripoti ya mwisho, unawajua."

Hajaiweka simu chini ikalia tena. Safari hii alikuwa mamake, Jeruto, anazungumza polepole kama mtu anayeogopa kusikika.

"Baba yako anauliza kama umekiona hicho kidudu."

"Nimekiona, Mama."

"Anasema ukikamate. Anacheka, lakini meno yanagongana."

Kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili, kimoja cha ripoti ya awali na kingine cha ripoti ya mwisho. Chesang aliandika: Streptokokasi, kundi D. Akakaa na kalamu mkononi. Kisha akatia alama kwenye kisanduku cha mwisho, akatia sahihi, na akaipeleka mwenyewe kwa miguu hadi hospitalini, karibu akimbie, ili asimngoje mtu wa pikipiki.

Saa sita mchana Mzee Kipngeno alikuwa ameshadungwa sindano ya kwanza. Wauguzi walimbadilishia pia ule mpira wa mkojo uliokuwa umekaa miezi bila kubadilishwa. Jioni mwili wake ulikuwa umepoa.

*

Jumapili, baada ya watu wa kanisa kuja kuomba na kuondoka, Jeruto alimnywesha mumewe uji wa wimbi. Alikunywa kikombe kizima. Akaomba aongezewe. Jeruto alimtazama binti yake juu ya kile kikombe na uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Daktari wa vidudu," Mzee alimwambia Chesang. Ndivyo alivyomwita tangu alipoingia chuo. "Kumbe walikusomesha kitu."

Simu ya Chesang ililia mlio wa ujumbe. Alitoka nje kwenye ukumbi, akaketi kwenye benchi. Ulikuwa ujumbe wa Zeddy, aliyekuwa zamu.

*Ile ya mzee wako imeota kwa chumvi. Ni enterokokasi. Na kwa sahani ya dawa ceftriaxone haijafanya kitu, ampicillin ndio inaua. Rekebisha ripoti, sahihi ni yako. Pole, najua uko huko.*

Aliusoma mara tatu. Alielewa kila neno. Alielewa pia kwamba ripoti iliyotiwa sahihi ingefutwa na mwenye sahihi au na Bwana Nderitu, na kwamba Bwana Nderitu angeuliza ni kwa nini damu ile ilikuwa mikononi mwake kabisa. Alianza kumwandikia Daktari Wariara. Akafika kwenye neno "samahani", akasimama. Kutoka ndani alimsikia babake akizungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili, akimuuliza kwao ni wapi na kama viazi vimekubali mwaka huu. Homa ilikuwa imeshuka. Mtu ambaye dawa haimfanyii kazi hashuki homa, alijiambia, akitafuta kuamini. Labda mpira mpya. Labda Zeddy amechanganya mrija. Nitaangalia mwenyewe kesho.

Akamjibu Zeddy: *Sawa, asante.* Ule wa daktari akaufuta.

*

Lakini kesho yake, Jumatatu, hakwenda maabara. Alikuwa ameomba likizo ya wiki ili awapeleke wazazi nyumbani, kwa maana vitanda vilikuwa vimejaa na wagonjwa wawili walikuwa wakilala sakafuni. Daktari Wariara alipita asubuhi, mwanamke mwembamba aliyekuwa na macho ya kukosa usingizi. Alimsikiliza Mzee kifuani kwa muda mrefu.

"Moyo una sauti kidogo sipendi," alisema. "Nimekuandikia picha ya moyo Jumanne ya wiki ijayo. Mpaka hapo, sindano moja kila siku pale zahanati ya kwenu. Mzee, unanisikia? Moja kila siku."

"Nasikia."

Kisha akamgeukia Chesang, akamshika mkono.

"Na wewe, asante. Ile ripoti kama ingekaa mpaka leo, sijui. Ningetaka maabara zote zifanye hivyo."

"Ni mtoto wangu," Jeruto alisema. Hakuwa amezoea kuzungumza mbele ya madaktari. Siku zote hizo alikuwa akijibu kwa kichwa, na mara mbili muuguzi alimwambia atoke nje kwa ukali kana kwamba ni kuku. Sasa alikuwa amesimama wima, leso yake ameifunga vizuri, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akimwangalia. "Huyu ni mtoto wangu wa kwanza."

Chesang alifungua mdomo. Hapo ndipo palikuwa pa kusema, na baadaye, kila alipohesabu, hesabu yake iliishia hapo, si kwenye kisanduku cha Jumamosi wala benchi la Jumapili. Mkono wa daktari ulikuwa juu ya mkono wake. Mamake alikuwa akitabasamu.

"Asante, daktari," alisema.

*

Kuresoi kulikuwa na baridi na ukungu uliokaa juu ya viazi mpaka saa nne. Kila asubuhi jirani yao, Jamleck, aliyekuwa na pikapu, alimpeleka Mzee zahanati, na muuguzi Cherop akamdunga ile sindano. Jumanne alitembea mwenyewe mpaka langoni. Jumatano alikaa nje akamwelekeza Jeruto mahali pa kuchimba mtaro. Chesang alimtazama kila saa. Alimpima joto mara nyingi mpaka Mzee akamwambia amwache, kwani yeye si jiko.

Alhamisi jioni alisema amechoka, akalala bila kula. Ijumaa asubuhi blanketi lilikuwa limelowa jasho na kipimajoto kikasoma thelathini na tisa na nusu. Kwenye kucha zake za mkono wa kushoto palikuwa na vistari vyembamba vyeusi, kama vibanzi vilivyoingia chini ya ngozi. Chesang alivijua. Alikuwa ameviona vitabuni. Vidudu vilikuwa vimejenga moyoni, na vipande vilikuwa vikimegeka na kusafiri na damu.

Alitoka akaenda katikati ya shamba, palipokuwa na mtandao, akampigia Daktari Wariara.

"Daktari, ile ripoti si sahihi. Si streptokokasi. Ni enterokokasi. Ilikuwa imeota kwa chumvi."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mlango ukifungwa.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita."

"Jumatatu nilikuwa nimekushika mkono," daktari alisema. Hakupandisha sauti. "Mlete. Mlete sasa hivi, nimtafutie kitanda."

Wakamlaza kwenye kiti cha mbele cha pikapu, Jeruto amembana upande mmoja, Chesang amekaa nyuma na mablanketi. Walipita Molo. Walipokaribia Sachangwan Jamleck alisimamisha gari kando ya barabara, na Chesang akajua kabla hajaruka chini. Upande mmoja wa uso wa babake ulikuwa umelegea. Mdomo ulisogea, lakini kilichotoka hakikuwa maneno. Mkono wake wa kushoto bado ulikuwa na nguvu, na alikuwa ameushika ukingo wa leso ya mkewe, anauvuta, kama anayetaka kuonyesha kitu dirishani.

"Anasema nini?" Jeruto aliuliza. "Chesang, baba yako anasema nini?"

"Sijui, Mama."

*

Walimpa ampicillin, na nyingine ya kusaidiana nayo, mara kadhaa kwa siku. Zilikuwa ndizo dawa zenyewe. Homa ilianza kushuka siku ya tatu, kweli kweli safari hii, lakini picha ya moyo ilionyesha kilango kimoja kimetoboka, na mapafu yakaanza kujaa maji. Alikufa Jumatano saa nane mchana, wakati Jeruto alikuwa amekwenda kufua nguo zake kwenye bomba la nje. Chesang ndiye aliyekuwepo. Ndiye aliyetoka kumwita mamake, na alimkuta anakamua shati, mikono imejaa povu.

Siku mbili kabla ya mazishi Chesang alikwenda maabara. Bwana Nderitu alikuwa amekwisha kuona daftari la meza ya vipimo. Mwandiko wa Zeddy ulikuwa pale, tarehe ya Jumapili: chumvi, imeota. Hakumfokea. Alimvutia kiti.

"Lazima ripoti irekebishwe," alisema. "Hata sasa. Faili haiwezi kubaki na uongo. Na nitaandikia bodi ya wataalamu wa maabara barua. Sitaificha, Chesang, na usiniombe."

"Sitakuomba."

Alimpa fomu. Chesang aliandika jina la babake, umri, wodi. Aliandika Enterokokasi. Chini yake aliandika: *Ripoti hii inafuta ile ya Jumamosi.* Palikuwa na nafasi ya kuandika aliyejulishwa na saa aliyojulishwa. Aliiangalia sana nafasi ile. Zeddy, aliyekuwa amesimama kwenye sinki, akaja akaweka mkono mgongoni mwake, akarudi kwenye sinki.

Bodi ilimsimamisha kazi miezi mitatu. Daktari Wariara alikuja mazishini, akasimama nyuma karibu na ua. Akiondoka alimwambia Chesang kwamba huenda kilango kilikuwa kimeanza kuharibika tangu Agosti, kwamba hakuna ajuaye. Alisema pia kwamba alipaswa kuuliza kile kipimo kimoja kilichobaki. Chesang hakujua afanye nini na maneno hayo. Aliyakunja akayaweka.

*

Wiki ya tatu baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, alimfuata mamake ghalani. Jeruto alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua viazi vya mbegu, akiweka vilivyooza upande mmoja, vizima upande mwingine. Chesang akaketi chini mbele yake na kuanza kusaidia.

"Mama, kuna kitu nataka kukwambia kuhusu Baba."

"Sema."

Alisema. Aliacha maneno ya maabara, akasema kwamba kulikuwa na vidudu viwili vinavyofanana, kwamba aliandika kimoja kabla hajamaliza kuangalia, kwamba kilikuwa kingine, na kwamba dawa aliyodungwa Baba siku zote zile ilikuwa ya kile ambacho hakuwa nacho. Mikono ya Jeruto iliendelea kuchambua, kisha ikaenda polepole, kisha ikasimama.

"Ulijua siku gani?"

"Jumapili."

"Ile aliyomaliza uji?"

"Ile."

"Na Jumatatu daktari akakushukuru."

"Ndiyo."

"Nikasema wewe ni mtoto wangu."

Chesang aligeuza kiazi mkononi. Nje ng'ombe wa jirani alilia, mtu akamkemea.

"Angepona?"

"Sijui. Daktari anasema pengine moyo ulikuwa umeshaharibika."

"Sijamuuliza daktari."

"Nafikiri angepata nafasi," Chesang alisema. "Siku tano ni nyingi, Mama."

Jeruto aliinuka, akatoka. Chesang alisikia maji yakimiminwa kwenye karai, mikono ikioshwa, ikioshwa kwa muda mrefu kuliko udongo wa viazi unavyohitaji. Kisha mamake akarudi akasimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake hata uso usionekane.

"Nitakukasirikia," alisema. "Sijui kwa muda gani. Lakini usiache kuja nyumbani."

Hakuacha. Alikuja kila baada ya Jumamosi mbili, wakati wa kusimamishwa na baada ya kurudishwa kazini. Jeruto alimwekea chai mezani kwenye thermos, kikombe kimoja, kisha akatoka kwenda shambani, na Chesang akainywa peke yake, akafua, akafagia, akapasua kuni, akaaga kwa mbali. Mvua za vuli zikaja na kuisha. Mwezi wa Januari, Jumamosi moja, Jeruto hakutoka. Alisimama upande wa pili wa meza na thermos mkononi.

"Huko kazini," alisema, "ukikosea siku hizi, unasema?"

"Nasema."

"Siku ile ile?"

"Saa ile ile, Mama."

Jeruto alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, kama anayeyapima maneno hayo na kuona uzito wake si mbaya.

"Ungeanza na baba yako," akasema. Kisha akachukua kikombe cha pili kabatini, akavuta kiti, akaketi, wakanywa chai.